Toki renchi ya kufanyia kazi gari langu mwenyewe nyumbani, ninunue ipi? (Dodoma, IST)

Mtu_wa_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni, mbukwenyi kwa wa nyumbani.

Nina IST ya 2004 injini 2NZ, na tangu niichukue niliamua kazi ndogondogo nafanya mwenyewe uani, oili, plagi, breki pedi za mbele, kuhamisha matairi. Siyo kwamba nabania hela ya fundi (haya, nabania kidogo) ila kuna kitu kimenikuta hadi nimeona bora nije kuuliza wanaojua.

Mwezi uliopita natoka Singida, tairi ya nyuma kushoto ikapata pancha nikishapita Manyoni, karibu na Kintinku, saa tisa mchana jua la kule mnalijua. Natoa wili spana ya gari, nati haitoki. Napanda juu ya spana kwa miguu miwili nimeshika paa la gari nadundadunda kama mtoto, ya kwanza ikatoka inalia kama mlango wa stoo, ya pili ikatoka, ya tatu ikatoka na studi yake (ile bolti ambayo nati inafungwa juu yake) ndani, imekatika kabisa. Nimefika Dodoma tairi imeshikwa na nati tatu, natembea 50 na wenye malori wananipigia honi mpaka Bahi. Kumbe wiki mbili nyuma yake kijana mmoja wa pancha alinifungia ile tairi kwa wili spana amechomeka na bomba la futi nne, na mimi nilisimama pale pale namwangalia nikaona ndo uhodari.

Afu kabla hamjamcheka yule kijana, mimi mwenyewe nati ya kumwagia oili niliikaza "kidogo tena" mpaka ikaanza kuzunguka bila kukaza. Thredi imeondoka. Hapo sina wa kumlaumu.

Kwa hiyo nataka toki renchi, ile spana inayopima nguvu unayokazia nati. Nimepita duka moja maeneo ya Majengo nikaona ya nusu inchi (upana wa kile kichwa cha mraba cha kuchomekea soketi) imeandikwa 28-210 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) wanasema 95,000, ile ya kulia tik ukifika nguvu uliyoseti. Kuna ya dijitali laki mbili na themanini. Na kuna ndogo ya 3/8 imeandikwa 19-110, bei haipishani sana na ile ya kwanza. Maswali yangu: moja inatosha kazi zote? Ya bei hiyo itakuwa inadanganya? Dijitali ni ya nini kwa mtu wa nyumbani kama mimi?

Fundi_Kizota

Mdogo wangu mi nina miaka 22 chini ya magari hapa hapa Dodoma na sijawahi kumiliki hiyo kitu na magari yanatembea. Mkono ndo toki. Ukishakaza nati elfu kumi mkono unakwambia wenyewe basi hapa imetosha. Tatizo lako siyo kifaa, tatizo ulimpa kazi mtoto wa juzi. Hiyo 95 weka mafuta nenda kijijini kasalimie wazee.

Mtu_wa_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Sasa mkono wako una nati elfu kumi, wangu una nati arobaini na mojawapo imeshakula sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ndo maana natafuta kifaa 😅

Grisi_na_Vumbi

Mkuu naomba nikujibu kirefu maana niliwahi kufanya kazi ya mitambo sehemu ambayo ukikaza bolti bila toki renchi unaandikiwa barua.

Kwanza usianze na bei wala jina, anza na namba za nati zako. IST wili nati ni 103 Nm, Toyota ndogo nyingi zenye studi za milimita 12 ziko hapo hapo, Vitz, Spacio, Premio. Ukikuta kitabu cha Kijapani cha zamani kimeandika 1050 kgf·cm ni hiyo hiyo, na ukikuta futi paundi ni 76. Muhimu hapo uangalie renchi yako imeandikwa kipimo gani, maana nyingi zina mistari miwili upande huu Nm upande huu futi paundi, mtu anaweka 103 kwenye mstari wa futi paundi anakuwa amekaza karibu 140 na anajisifu ametumia kipimo. Nati ya oili ya hizo injini za NZ ni kama 37 hadi 38. Plagi ziko chini zaidi, kwenye ishirini huko. Bolti ndogo za kaliper (kile kinachobana breki pedi) zile za juu ya pini ni thelathini na kitu.

Sasa rudi kwenye ile ya 28-210. Toki renchi ya kulia tik inaaminika kuanzia asilimia 20 ya mwisho wa kipimo chake kwenda juu, na hata kiwango chao cha kimataifa cha ISO 6789 kinaipima kwenye asilimia 20, 60 na 100. Asilimia 20 ya 210 ni 42. Maana yake wili nati 103 iko katikati pazuri kabisa, ila nati ya oili 37 iko chini ya pale inapoaminika japo namba imechorwa, na plagi haipo kabisa. Ukiilazimisha kwenye vitu vidogo unasubiri tik ambayo inakuja imechelewa au huisikii, na huo ndo mwanzo wa thredi nyingine.

Ile 19-110 kwenye karatasi inafanya vyote viwili, oili na matairi. Na kuna watu watakushauri hiyo. Mi sikushauri kwa matairi, kwa sababu moja tu: mpini mfupi. Kukaza 103 kwa mpini ambao unashika sentimita 30 kutoka kwenye nati unatakiwa uvute nguvu ya kama kilo 35. Kwa nusu inchi unashika kwenye sentimita 41, ni kama kilo 26. Hiyo tofauti ukiwa umechuchumaa kwenye mchanga pembeni ya barabara utaiona, mtu anaanza kuvuta kwa kudundisha na ukidundisha kipimo hakipo tena, inatakiwa mvuto wa polepole usiokatika.

Kwa hiyo jibu fupi ni hapana, moja haitoshi. Nunua nusu inchi kwanza, tairi ndo inaua watu. Hela ikipatikana chukua ndogo ya 3/8 inayoanzia 5 au 10 mpaka 50, 60 hivi, hiyo ya oili na plagi. Mpaka ukiipata, plagi mpya kaza kwa vidole mpaka igote, afu nusu mzunguko kwa spana basi, injini ikiwa imepoa. Nati ya oili weka washa mpya, igote, kaza kwa spana 14 ya kawaida fupi kwa mkono mmoja, ukiona unahema umeshapitiliza.

Dijitali achana nayo. Ni nzuri kwa anayefungua hedi (kichwa cha injini), maana bolti za hedi za hizo NZ unakaza 29 Nm afu unazungusha nyuzi 90 na tena nyuzi 90, na baadhi ya dijitali zinakupimia na hizo nyuzi. Wewe wa uani betri itakufia siku unayoihitaji.

Vitz_ya_Ipagala

Naongeza kidogo hapo. Kuna aina ya tatu hamjaitaja, ile ya mshale, mpini mwembamba na mshale unaopita juu ya namba. Haina springi ya kuchoka wala kitu cha kuseti, mshale ukikaa kwenye sifuri ikiwa imetulia basi iko sawa, ukipinda unaurudisha. Mi ninayo ya marehemu baba na mpaka leo naitumia kwenye plagi. Shida ni moja, lazima macho yako yawe juu ya mshale sawasawa, ukisoma kwa pembeni unasoma uongo, na chini ya gari nani anaona namba. Dukani hapa mjini sijaiona muda mrefu, ila ukikutana nayo kwenye vyuma chakavu usiicheke.

Na kaka pole ya Kintinku, pale hata kivuli hakuna.

Fundi_Kizota

Haya nyie wenye namba. Niulizeni basi, mnakaza 103 kwenye studi yenye grisi au kavu? Maana nawaona vijana wanapaka grisi kwenye studi ili siku nyingine itoke laini.

Grisi_na_Vumbi

Mzee swali zuri hilo, na ndo watu wengi wanaanguka hapo. Kavu. Ile 103 imewekwa kwa studi safi kavu. Ukikaza nati sehemu kubwa sana ya nguvu yako, kama tisa ya kumi, inaliwa na msuguano wa thredi na pale nati inapokaa kwenye rimu, kinachobaki kidogo ndo kinavuta studi. Ukipaka grisi msuguano unapungua, ile nguvu iliyookolewa inakwenda kuvuta studi, renchi imelia tik kwenye 103 ile ile ila studi imevutika kupita kiasi. Vumbi na kutu ni kinyume chake, imelia tik lakini tairi haijabanwa inavyotakiwa. Kwa hiyo brashi ya waya, futa, kaza.

Fundi_Kizota

Sawa. Hapo tuko pamoja, mi huwa nawafukuza na grisi zao. Na ongeza hili, waangalie nati zenyewe. Rimu nyingi za Toyota za alumini za kiwandani zinataka nati yenye washa bapa na shingo ndefu, za chuma na hizi za kununua mjini zinataka nati ya koni. Mtu amebadilisha rimu amebaki na nati za zamani, hapo hata ukaze na toki ya dhahabu tairi itacheza tu.

Ticha_Chamwino

Salaam wakuu. Naona swali la "je ya bei chee inadanganya" halijajibiwa na mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu kwa hiyo siwezi kupita hivi hivi.

Usibishane na muuzaji, ipime. Moment ni nguvu mara umbali, vyote unavyo nyumbani. Chukua ndoo ya lita 20, jaza maji mpaka lita 20 kamili, hizo ni kilo 20. Ndoo tupu ipime kwa muuza nyanya, nyingi zinakuja kama kilo moja. Kwa hiyo kilo 21. Bana kile kichwa cha mraba cha renchi kwenye vaisi (jiriwa), mpini ulale sawa na ardhi, uwe upande ambao uzito utaivuta kama unakaza siyo kufungua. Pima kwa futi kutoka katikati ya kichwa mpaka katikati ya pale mkono unaposhika, tuseme mita 0.41. Zidisha 21 kwa 9.81 kwa 0.41 unapata 84 na nusu. Uzito wa renchi yenyewe nao unavuta, yenye kilo moja na nusu kasoro inaongeza kama 2 na kitu, tuseme jumla 87 hivi. Seti 80, ning'iniza ndoo pole pole bila kuidondosha, inatakiwa ilie. Panda kidogo kidogo kila mara ukiitoa ndoo kwanza. Ikifika 95 bado inalia, au 80 imekataa kulia, rudisha dukani.

Zinazotengenezwa vizuri zinaruhusiwa kukosea asilimia 4 juu au chini, kwenye 87 hiyo ni kama tatu na nusu. Kwa wili nati hata ikikosea mara mbili ya hapo bado uko mbali sana na bomba la futi nne. Anayetaka cheti kabisa TBS wana maabara ya ugezi (kuhakiki usahihi wa vipimo) Dar, ila kwa IST moja hiyo ni kumpeleka kuku hospitali ya rufaa.

Vitz_ya_Ipagala

Ticha umenifurahisha na kuku 😂

Swali dogo, mi huwa nikitoka kwa watu wa pancha nafika nyumbani nazipitia zote kwa toki renchi, zikilia tik najua ziko sawa. Ni sahihi?

Grisi_na_Vumbi

Dada hapana, na nashukuru umeuliza maana karibu kila mtu anafanya hivyo. Tik inakwambia nati iko angalau 103. Haikwambii iko ngapi juu ya hapo. Nati iliyokazwa na bomba ikafika 250 ukiipitia itakulilia tik vizuri tu, tena haraka, na wewe unalala usingizi. Ya Mtu_wa_Nkuhungu ingelia tik zote nne siku moja kabla ya Kintinku. Dawa ni kuzilegeza moja moja kwa wili spana ya kawaida afu uikaze upya kwa toki renchi, na uone nati inazunguka kidogo kabla ya kulia. Ikilia bila kuzunguka bado iko juu, ilegeze tena.

Na ikilia mara moja acha. Hii tabia ya tik tik tik kama mtu anapiga picha, kila tik ya ziada inaongeza kidogo. Za IST ni nne, nenda kwa kuvuka, siyo kuzunguka duara, raundi ya kwanza nusu ya nguvu tairi likiwa linagusa chini tu, raundi ya pili 103 gari likiwa chini. Ukitembea kama kilomita 50 mpaka 100, ukienda Kongwa tuseme, zipitie tena zikiwa zimepoa. Hapo ndo tik ya kupitia ina maana kwa sababu wewe mwenyewe unajua zilianzia ngapi.

Utunzaji ni vitu viwili. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, 28 kwako, usiende chini ya hapo, springi ikikaa imebanwa miezi inachoka na ukiilegeza kupita chini vitu vya ndani vinahama. Na usifungulie nati nayo. Hata siku moja, hata nati imelegea, hata umekosa spana nyingine. Kama imekaa kwenye boksi tangu masika, iseti katikati uivute mara nne tano kwenye nati yoyote iliyokaza ndo uitumie, grisi ya ndani huwa inalala.

Mtu_wa_Nkuhungu

Wakuu narudi na mrejesho, asanteni sana kila mtu.

Nimechukua ile nusu inchi, kapunguza mpaka 88 baada ya kumwambia nitaipima na ndoo, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Jana jioni nimeenda kwa jirani yangu anayechomelea mageti maana yeye ndo ana vaisi mtaani hapa. Ndoo ya mama watoto, lita 20, muuza nyanya akanipimia tupu imesoma kilo moja kasoro kidogo. Katikati ya mpini ni sentimita 41 kama alivyosema Ticha, nadhani amewahi kushika kama yangu. Watoto wa mtaa wamejaa wanauliza tunapima maji ya nini.

80 imelia. 84 imelia. 86 imelia. 88 imesitasita, ndoo ikakaa kama sekunde mbili ndo ikalia, maji yakanimwagikia miguuni. 90 kimya kabisa, hata nilipoiacha nikahesabu mpaka ishirini. Kwa hiyo iko kwenye 88 pale ambapo hesabu inasema 87. Kwa 88,000 sina la kusema.

Leo asubuhi studi mpya imeingia, nimepiga brashi zote, nimelegeza na za matairi mengine matatu nikaanza upya. Tairi ya mbele kulia nati mbili zilikuwa zimekaza ile ya kupanda juu ya spana tena. Sampu nimempelekea fundi akaweka thredi mpya, na hiyo nimemwomba anifungie yeye mpaka nipate ile ndogo.

Kitu kimoja tu, yule jirani wa mageti kaona kifaa kizuri kirefu, leo mchana kamtuma kijana niazime wafungulie nati za fuso. Nimemwambia renchi imelala.

Fundi_Kizota

😂😂 umefanya vizuri. Sasa nijibu na mimi, Noah inachukua ngapi?

Mtu_wa_Nkuhungu

103 hiyo hiyo mzee. Karibu Jumapili, ila uje na wili spana yako ya kufungulia.